Ukoo wa Wahinda na Malisho ya Mto Kagera



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya ukoo wa Wahinda, walioitawala Karagwe kutoka Bweranyange, si mbali na hapa Nyaishozi. Utajiri wao ulikuwa ng'ombe, na mto Kagera ulikuwa mpaka wao na mnyweo wao. Mwingereza Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika, Novemba 1861, aliukuta ufalme wa maziwa na mifugo. Hata wahunzi wake walifua ng'ombe wa chuma.

Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza mifugo. Msiba huo haukuwa wa mfugaji peke yake. Ng'ombe hula majani ya rweya, na samadi yake hurutubisha kibanja cha migomba na mibuni. Zizi likiwa tupu, kibanja hudhoofika.

Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Malisho hayakufutwa nao; Kitengule, kando ya Kagera, ikaja kuwa ranchi ya Taifa.

Ndugu zangu, ushirika wetu hupima kahawa kwenye mizani, lakini uzito wake huanzia zizini. Mkulima na mfugaji wakigombania bonde la mto, watapoteza wote wawili. Kwa hiyo nawasihi: kabla kijiji hakijakata malisho kuwa mashamba, mkutano uulize kwanza samadi itatoka wapi.