Urani ya Shinkolobwe na Wajibu wa Askari

Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki liliuteketeza mji wa Hiroshima, Japani. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika mradi wa bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi jirani ya Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji. Jasho lilikuwa la Mwafrika. Faida na siri vilikwenda ng'ambo.

Mwezi Januari 2004 Serikali ya Kongo iliamuru mgodi huo ufungwe. Hata hivyo wachimbaji wadogo waliendelea kutafuta kobalti humo, na mwezi Julai mwaka huo sehemu ya mgodi iliporomoka, ikaua watu 8.

Kuna hatari nyingine, isiyoonekana wala kunuka. Kiini cha atomu ya urani huvunjika chenyewe, kikitoa miale. Miale ya alfa huzuiwa hata na karatasi. Lakini vumbi la urani likivutwa, miale hiyo hushambulia mapafu kutoka ndani. Miale ya gama hupenya mwili, na huhitaji bamba la madini ya risasi au ukuta mnene wa zege.

Elimu hiyo hiyo imempa mlinzi wa mpaka kipimamiale, chombo kinachotambua kile ambacho jicho limekipitisha. Basi, askari anayeshuku mzigo asioneshe ushujaa kwa kuufungua. Ajitenge nao, awazuie raia wasisogee, na awaite wataalamu upesi. Katika vita hivi, silaha ya kwanza ni maarifa.