Jumla ya Wanaoonekana na Jumla ya Waliofichwa

Maneno ya mfanya kazi mmoja wa reli katika mkutano wa tawi, Gilgil



Nimeombwa niseme habari ya daftari la kompyuta, yaani ile Excel ambayo karani wetu hutunzia majina yetu. Lakini najua, nanyi mwajua, hamkuacha nyumba zenu jioni hii ili msikie habari za kompyuta. Mmekuja kusikia habari za shilingi 4,500. Nitazisema zote mbili, kwa kuwa ni habari moja.

Mwakumbuka mwenzetu alipofiwa na mama yake. Tulikubaliana kila mwanachama atoe sh. 500. Karani akaandika 500 mbele ya jina la kwanza, akaivuta kwa kipanya mpaka jina la mwisho, na chini akaweka jumla. Siku ya mkutano jumla ile ikasomwa kwa sauti: sh. 20,500. Mweka hazina akafungua bahasha mbele yetu, tukahesabu, ikawa 16,000. Tukahesabu mara ya pili. Ni 16,000. Ndani ya chumba hakuna aliyesema neno baya. Maneno yalisemwa nje, njiani na kwenye hoteli ya chai, na kufika Jumapili hata watoto wa nyumba za reli walikuwa wakiyajua. Jumatatu mweka hazina akarudisha ufunguo wa sanduku.

Mimi sitajisifu. Nami nilinyamaza kama ninyi, na moyoni nilijiambia, labda amekopa kidogo, atarudisha mwisho wa mwezi.

Majuma mawili baadaye karani aliniomba nimsaidie kuchapa orodha ile. Nikahesabu majina kwa kidole, kama tulivyofundishwa katika shule ya misheni, ambako ndiko masomo yangu yalikoishia. Nikapata watu 32. Mara 500, ni 16,000 kamili. Basi 20,500 imetoka wapi? Ndipo nikatazama zile namba ndogo zilizo ubavuni mwa karatasi, upande wa kushoto. Baada ya 11 ikafuata 14. Baada ya 20 ikafuata 23. Mistari tisa haikuwapo machoni, lakini ilikuwamo. Walikuwa wenzetu waliohamishiwa Nakuru na Naivasha, na wazee waliostaafu. Karani hakupenda kuwafuta, maana ni watu wetu na huenda wakarudi, akawaficha tu. Na alipoivuta ile 500 kutoka juu mpaka chini, ikapita juu ya vichwa vyao pia. Tisa mara 500 ni 4,500.

Ndugu zangu, sisi watu wa reli jambo hili halitupigi chenga. Gari moshi likitoka Nakuru na mabehewa 30, na 6 yakaachwa hapa Gilgil katika njia ya pembeni, je, dereva ataendelea kupewa uzito wa mabehewa 30? Hapana, uzito wake ni wa yale yaliyofungwa nyuma ya injini. Lakini yale 6 hayakupotea, yako palepale, na atakayehesabu mabehewa yote ya siku ile hana budi kuyahesabu. Hesabu zote mbili ni za kweli. Kosa ni kusoma moja ukidhani ni nyingine.

Sasa nieleze ufundi wenyewe, na mwenye kalamu aandike.

Neno ambalo karibu watu wote hutumia katika Excel ni SUM. Huyu SUM ni kipofu. Ukimwambia ajumlishe kutoka C2 mpaka C42, atajumlisha kila kitu kilichomo, kinachoonekana na kisichoonekana. Ukitaka yale yaliyo mbele ya macho peke yake, kuna neno lingine, nalo ni SUBTOTAL. Huyu hupewa namba kwanza, ndipo aambiwe pa kuhesabu. Namba 9 maana yake ni kujumlisha.

Hapa nami nilianguka. Nilikuwa nimeambiwa na karani mmoja wa mjini kwamba namba 9 yatosha. Nikaandika =SUBTOTAL(9,C2:C42), nikabonyeza, na jibu likaja 20,500, lile lile! Nilikaribia kuifunga kompyuta ile nikalale. Baadaye nikajifunza kwamba mistari huweza kutoweka kwa njia mbili, na mashine huzitofautisha. Njia ya kwanza ni kuchuja: waiambia kompyuta, nionyeshe wa Gilgil tu, nayo yaondoa wengine machoni. Njia ya pili ni kuficha kwa mkono, mstari kwa mstari, kama alivyofanya karani wetu. Namba 9 huacha waliochujwa, lakini waliofichwa kwa mkono huwahesabu. Namba 109 huwaacha wote, waliochujwa na waliofichwa. Nikaandika =SUBTOTAL(109,C2:C42) na jibu likawa 16,000. Nilikaa nikaitazama namba ile kwa muda.

Wawezaje kujua mistari imeondolewa kwa njia gani? Tazama zile namba za ubavuni. Ikiwa zinaruka na rangi yake imekuwa buluu, orodha imechujwa. Ikiwa zinaruka na rangi ni ile ya kawaida, kuna mtu ameficha kwa mkono. Na kama orodha yako imekwisha kuchujwa, ukasimama chini ya safu ya fedha na kubonyeza ile alama ya jumla, Excel yenyewe mara nyingi itakuwekea SUBTOTAL yenye 9 badala ya SUM. Wenye kutumia Google Sheets, namba ni hizo hizo 9 na 109, na kazi ni ile ile.

Mambo mawili tena, kwa upesi. SUBTOTAL ina adabu moja nzuri: ukiweka jumla ya kila genge la njia kwa SUBTOTAL, kisha chini kabisa ukaweka SUBTOTAL ya wote, haitazihesabu zile jumla za magenge mara ya pili. SUM ingezihesabu. Lakini ina udhaifu kwa wanaopanga miezi kwa upana, Januari hapa, Februari pale. Ukificha safu nzima ya Januari, 109 itaendelea kuihesabu Januari katika jumla ya mtu huyo. Kazi yake ni mistari, si safu zisimamazo.

Msidhani hili ni kosa la watu wenye masomo madogo kama mimi. Septemba 2008 Lehman Brothers, kampuni kubwa ya fedha ya Marekani, ilifilisika, na benki ya Barclays ya Uingereza ikanunua sehemu ya mali yake. (Ndiyo Barclays ile ile ambayo wengi wenu mliipangia foleni, kabla matawi yake ya Kenya hayajaitwa Absa mwaka 2020.) Orodha ya mikataba ya kununuliwa ilikuwa katika Excel, karibu mistari 1,000. Mikataba 179 haikutakiwa, ikafichwa, haikufutwa. Usiku ule ule, kwa haraka, wanasheria wakaigeuza orodha kuwa karatasi za PDF za kupeleka mahakamani, na ile iliyofichwa ikafunuka. Mikataba 179 isiyotakiwa ikaingia katika manunuzi, na mwezi wa Oktoba wanasheria wale walirudi mahakamani kuomba itolewe. Hao walikuwa na shahada, nao waliteleza pale pale tulipoteleza sisi.

Basi je, tutumie 109 siku zote? Rai yangu ni hapana, na najua karani hatanifurahia. Jumla ya 109 hubadilika kwa kufuata macho ya aliyefungua daftari. Leo mtu akichuja apate wa Naivasha peke yao, akasahau kurudisha, kesho mwingine atasoma jumla ya Naivasha akidhani ni ya tawi zima. Itakuwa upungufu badala ya ziada, na mtu mwingine ataitwa mwizi. Namba hii yafaa kwa karatasi ya kusomwa mkutanoni, wakati orodha iko wazi mbele yetu. Kwa vitabu vya fedha, heri tuongeze safu moja ambamo kila mtu ameandikiwa YUPO au AMEHAMA, kisha jumla ifanywe kwa neno SUMIF, ambalo hujumlisha wale walioandikiwa YUPO tu: =SUMIF(D2:D42,"YUPO",C2:C42). Hapo ficha, fichua, chuja utakavyo, jibu halitikisiki. Na aliyehama ataonekana kwamba amehama, pasipo kufichwa kama deni.

Tena naomba kila jumla isomwapo hapa, isomwe pamoja na idadi ya watu. Kama siku ile ingesomwa, "sh. 20,500, watu 41," yeyote kati yetu angegeuka atazame viti, aulize hao 41 wako wapi.

Bwana Mwenyekiti, orodha nimeileta, iko mezani, na mistari yote tisa nimeifunua. Ombi langu ni mambo mawili. Iandikwe katika kumbukumbu za tawi, kwa tarehe ya leo, kwamba upungufu wa sh. 4,500 haukuwako kamwe, na kwamba fedha zote 32 mara 500 zilifika kwa mfiwa. La pili, ule ufunguo wa sanduku, ambao tangu Jumatatu ile uko katika mtoto wa meza yako, apelekewe mwenyewe nyumbani kwake usiku huu. Asiitwe kuja kuuchukua. Mimi niko tayari kwenda, na ningependa wale waliosema maneno njiani wanisindikize.