Anayemtunza Mzazi Mwenye Parkinson ni Sehemu ya Tiba: Hoja kwa Wilaya za Mbulu na Hanang



Mada hii inawahusu wazazi wanaougua Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaozidi mwaka hadi mwaka. Chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea kwa utaratibu, hufa kidogo kidogo. Mkono hutetemeka hata ukiwa umepumzika, viungo hukakamaa, hatua hufupika, sauti hufifia. Daktari James Parkinson wa Uingereza aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817, na mpaka leo haujapatiwa dawa ya kuuponya. Hoja yangu ni moja: hapa Mbulu na Hanang, mtoto au mkaza mwana anayemtunza mzazi huyo ndiye mhudumu wake mkuu wa afya. Tusipomfundisha na kumpunguzia mzigo, mgonjwa atakuwa amepewa nusu ya tiba.

Ushahidi wa karibu unatoka mkoa wa Kilimanjaro. Mwaka 2005 na 2006 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000, wakakuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamewahi kutambuliwa na daktari yeyote. Maana yake, familia zilikuwa zikiuguza ugonjwa zisioujua jina. Pale ambapo ugonjwa hauna jina, kutetemeka huitwa uzee, ukimya wa mzee huitwa kiburi, na mwisho hutafutwa aliyemloga. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mzee wa Dongobesh au Basotu ameepushwa na hali hiyo.

Hata ugonjwa ukishatambuliwa, kazi kubwa hufanyika nyumbani. Levodopa, dawa kuu iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hufanya kazi kwa saa chache tu. Dozi ikichelewa, mzazi anaweza kukwama palepale alipo. Aidha, protini huzuia dawa hiyo isifyonzwe vizuri, jambo zito kwa kaya za Kiiraqw na Kidatoga ambazo maziwa ni chakula cha kila siku. Mzazi hahitaji kunyimwa maziwa. Inatosha anywe dawa yapata nusu saa kabla ya chakula. Vilevile mlezi anapaswa kujua kwamba dawa haikatishwi ghafla, kwamba mgonjwa hulishwa akiwa ameketi wima ili asipaliwe, na kwamba baadhi ya dawa za kutuliza akili, kama haloperidoli, huzidisha ukakamavu. Haya yote hufundishika kwa mtu asiye na shahada yoyote, lakini hakuna anayezaliwa akiyajua.

Wapo watakaosema kumtunza mzazi ni wajibu wa familia, na kwamba kuihusisha serikali ni kuanza kuacha mila zetu. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa bila familia wazee hawa wasingekuwa na kimbilio. Hata hivyo, wajibu unaotajwa kuwa wa ukoo mara nyingi humwangukia mwanamke mmoja, ambaye shamba, kuni na watoto vinamsubiri pia. Kumfundisha na kumpangia zamu za kupumzika ni kuilinda mila hiyo isimvunje anayeibeba.

Wengine watauliza: kwa nini tugharimie ugonjwa usiopona, wenye wagonjwa wachache, wakati zahanati zimeelemewa na malaria na uzazi? Jibu tunalo hapa hapa. Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyoanza mwaka 1955, imekuwa na kliniki ya kifafa inayowafuatilia wagonjwa kwa muda mrefu. Kifafa nacho, kwa wengi, hudhibitiwa bila kuponywa, na hakuna anayesema dawa zake ni hasara. Kipimo cha haki ni kile mgonjwa anachorudishiwa: kula kwa mkono wake, kutembea hadi kwa jirani, kuzungumza akasikika. Levodopa huweza kumpa hayo kwa miaka kadhaa. Na kwa kuwa wagonjwa si wengi, hatuhitaji kujenga jengo jipya. Inatosha kuwaongeza katika utaratibu uliopo.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kuzitambua dalili na kumwelekeza mzee hospitalini. Pili, levodopa ipatikane mfululizo katika hospitali za wilaya, na kila anayekabidhiwa afundishwe pamoja na mlezi wake, kwa lugha wanayoielewa. Tatu, vikao vya ukoo vigawane zamu na gharama, wakiwemo watoto walioko Babati, Arusha na kwingineko. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeshatambua haki ya mzee kutunzwa na kupata matibabu. Haki hiyo itatimia Mbulu na Hanang siku mlezi atakapoondoka kliniki akiwa na dawa mkononi na maarifa ya kuitumia.