Kipimo cha Mpini wa Jembe

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kitu ambacho kila mmoja wenu amepata kukishika mkononi, nacho ni mpini wa jembe.

Iko mithali isemayo, "Mchagua jembe si mkulima." Wazee waliisema ili kumtahayarisha mvivu, yule afikaye shambani jua limekwisha kupanda, akaligeuza jembe hili na lile, akaona kila moja lina kasoro, na mwisho akarudi nyumbani asipige hata tuta moja. Mithali hiyo ni ya kweli, wala hatukuja kuipinga. Lakini liko neno ambalo mithali hiyo haikulikataza, nalo ndilo tutakalo kulisema leo: mkulima asichague jembe, lakini apime mpini.

Jembe ni vitu viwili vilivyooana. Bamba la chuma hutoka dukani au kwa mhunzi, nalo ni lile lile kwa mtu mrefu na kwa mtu mfupi, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Mpini si hivyo. Mpini twaukata wenyewe, au twamwambia fundi aukate jinsi tutakavyo. Basi katika jembe zima hapo ndipo pekee ambapo mkulima amepewa hiari. Na aghalabu hapo ndipo asipofikiri hata kidogo.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili tulipokuwa watoto wa shule. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alipoitangaza Elimu ya Kujitegemea, shule nyingi nchini zilijipatia mashamba, na wanafunzi wakaamriwa kuja na majembe kutoka nyumbani. Nasi tulilichukua jembe la baba. Mpini wake ulikatwa kwa kimo cha baba, mtu mrefu mwenye mikono mirefu. Kila tulipoliinua, ncha ya mpini ilitupiga tumboni. Kila tulipolishusha, bamba liliangua mbali ya pale tulipopakusudia. Tulikata miche ya mahindi pamoja na magugu, na msimamizi akatuita wazembe. Hatukuwa na la kujibu, kwani tulidhani kosa ni letu. Miaka mingi ilipita kabla hatujafahamu kwamba mtoto hakuwa mzembe. Alikuwa ameshika mpini wa mtu mwingine.

Sasa tutazame nyumba ya mfano katika wilaya ya Bunda, katika nchi ile ya pamba, mtama na mihogo. Nyumba hiyo ina plau na ng'ombe wa kulikokota, kama nyumba nyingi za Mara, na mashamba makubwa hupasuliwa kwa plau. Lakini plau halipalilii katikati ya miche, wala haliinui matuta ya viazi vitamu, wala haling'oi muhogo. Kazi hizo ni za jembe la mkono, na mara nyingi aliyelishika si yule aliyeukata mpini. Baba aliukata kwa kimo chake. Anayelima nao mchana kutwa ni mama, na jioni ni binti aliyetoka shule. Au kinyume chake: mpini ulivunjika, kipande kilichosalia kikachongwa tena, nacho kwa kuwa ni kifupi akapewa mama, kwa sababu ati mwanamke amezoea kuinama.

Kuzoea maumivu si dawa yake. Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wa mtu iko juu ya kiuno. Asimamapo wima, uzito huo hukaa juu ya mifupa yake, kama paa likaavyo juu ya nguzo. Ainamapo sana, uzito huo huning'inia mbele yake, na misuli ya mgongo ndiyo inayouzuia usianguke. Shika ndoo ya maji karibu na kifua chako, kisha uishike huku umeunyosha mkono mbele. Maji hayakuongezeka, lakini mkono utakuambia tofauti. Ndivyo mgongo wa mpaliliaji ulivyo, tangu alfajiri hata adhuhuri.

Basi mtu atajuaje kwamba mpini wake haumfai? Zipo dalili. Mpini ukiwa mfupi mno, kichwa cha mkulima hushuka mpaka karibu na usawa wa kiuno chake, na kila atakapo kuinuka huweka mkono juu ya goti, au hushika kiuno kwa mikono miwili. Mpini ukiwa mrefu mno, ncha humgonga tumboni au pajani, bamba hupita mahali alipopakusudia, na mikono huteleza chini yenyewe ikitafuta mahali pake. Dalili hii ya mwisho ndiyo ya kutazamwa zaidi. Chukua mpini wa zamani, ukautazame juani. Utaona sehemu mbili zinazong'aa kwa kusuguliwa na viganja. Kama juu ya sehemu hizo upo urefu wa shubiri mbili ambao haukuguswa kamwe, basi mpini wenyewe umekwisha kukuonyesha kipimo chako.

Huenda mmoja wenu akasema kwamba haya ni mambo madogo yasiyostahili watu wazima. Tumpe habari za mchezo wa gofu. Waingereza waliuleta Afrika ya Mashariki. Klabu ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1901, na ya Nairobi mwaka 1906, na katika nchi yetu huchezwa Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Morogoro. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo mbalimbali mpaka aufikishe penye majani mafupi, na hapo huchukua fimbo ya mwisho, ile ya kuusukumia mpira shimoni. Fimbo hiyo haihitaji nguvu. Yahitaji shabaha tu. Mtu apigaye mpira mita mia mbili kwa pigo moja huweza kushindwa kuutia shimoni akiwa hatua mbili tu.

Basi wachezaji hupima fimbo hiyo kwa uangalifu mwingi. Zile ziuzwazo madukani kwa wanaume aghalabu huwa na inchi 34 au 35, yaani kama sentimita 86 hadi 89. Lakini mchezaji mwenye busara hakubali kipimo cha duka. Husimama kama asimamavyo mchezoni, huinama kidogo, huacha mikono ining'inie bila kuikaza, na macho yake huwa juu ya mpira; ndipo hupima kutoka mikononi mpaka chini. Fimbo ikiwa ndefu kupita kiasi, humsukuma mbali na mpira, hata macho yake yasiuone mstari vizuri. Ikiwa fupi, humkunja mgongo. Na watu wawili wenye kimo kimoja huweza kuhitaji fimbo mbili mbalimbali, kwa sababu mmoja ana mikono mirefu, na mwingine hupenda kusimama wima zaidi.

Jambo hilo lilifika hata kwa watunga sheria wa mchezo. Baadhi ya wachezaji walitumia fimbo ndefu wakaiegemeza tumboni au kifuani, na kwa njia hiyo Keegan Bradley alishinda shindano kubwa huko Marekani mwaka 2011, na Adam Scott jingine mwaka 2013. Tangu tarehe 1 Januari 2016 kuegemeza fimbo mwilini namna hiyo kumekatazwa. Lakini urefu wenyewe haukukatazwa: fimbo ya kusukumia yatakiwa isipungue inchi 18, na kwenda juu kila mtu hujichagulia. Ikiwa watu hujadiliana hivyo kwa ajili ya mchezo wa saa chache, je, sisi tusiufikirie mpini unaotulisha mwaka mzima?

Wako wanaotetea mpini mfupi. Husema kwamba mpini mfupi huleta jicho karibu na mmea, na mkono hupata shabaha. Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini sikilizeni yaliyotukia mbali na hapa. Huko California, katika Marekani, vibarua wa mashamba ya saladi na viazisukari walilazimishwa kutumia jembe lenye mpini mfupi sana, hata mtu hakuweza kulitumia asipojikunja nusu mbili. Wenye mashamba walisema, kama wasemavyo watu wetu, kwamba pasipo mpini mfupi miche itakatwa. Vibarua walileta waganga mbele ya sheria, nao wakaeleza jinsi migongo ilivyoharibika. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliwapa vibarua haki yao, na jembe hilo likapigwa marufuku. Mikono ilijifunza shabaha ya mpini mrefu, na saladi za California huliwa hata leo.

Hatusemi kwamba mpini mrefu hufaa kila kazi. Kila kazi ina kipimo chake. Penye udongo mzito wa mbuga, mpini mnene usio mrefu kupita kiasi hutawalika vizuri zaidi, kwa maana mpini mrefu mno huyumba. Penye udongo mwepesi wa kichanga, katika kupalilia, mpini mrefu ulio mwembamba humwacha mtu asimame. Wavuvi wa Musoma walijua hayo zamani: kafi la aketiye chini ndani ya mtumbwi halifai kwa asimamaye, na mti ambao mvuvi husukumia mtumbwi kwenye maji machache si kafi. Kwa hiyo mwenye uwezo na awe na mipini miwili, mmoja wa kulimia na mmoja wa kupalilia.

Sasa twaja kwenye kupima kwenyewe. Tafuta mti mgumu ulionyoka, kama mkole au mpera. Ukaushe kivulini, usiukaushe juani wala motoni, usije ukapasuka. Na usiufunge ungali mbichi, kwani utasinyaa na bamba litalegea. Uache mrefu, ufike kwapani mwako. Utie bamba, kisha usimame mahali palipo sawa, kwa viatu vile vile uvaavyo shambani, au miguu mitupu kama ndiyo desturi yako. Tanguliza mguu mmoja, legeza magoti, inamisha kiwiliwili kidogo kama mtu amwamkiaye mzee, wala si zaidi. Bamba litue chini mbele yako, hatua moja fupi, pale pigo linapoangukia. Shika mpini kwa mikono miwili pale inapofika yenyewe bila kunyooshwa wala kukunjwa sana. Juu ya mkono wa nyuma ongeza upana wa kiganja kimoja, ukatie alama kwa mkaa.

Hapo usikate bado. Lima kwa mpini huo asubuhi nzima, ndipo ukate, tena kwa upana wa vidole viwili kila mara. Fimbo ya gofu na mpini wa jembe ni sawa katika jambo hili: kupunguza ni rahisi, kurudisha ni shida. Na ukisha kubadili urefu, tazama pia jinsi bamba lilivyoinama. Likiparuza juu ya udongo badala ya kuingia, ligonge upya mpaka lielekee vizuri. Zaidi ya yote, apimwe yule atakayelitumia jembe. Baba asisimame badala ya mama, wala kaka badala ya dada. Na mtoto apimwe upya kila mwaka, kwani mtoto hukua na mpini haukui.

Katika ngao ya taifa letu mmeona jembe na shoka vilivyopishana. Mpini ule ni wa picha, haumuumizi mtu. Lakini kule Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, na alikozikwa mwaka 1999, yeye mwenyewe alirudi kulima alipokwisha kuuacha urais mwaka 1985. Mtu aliyetawala nchi hakuona haya kurudi shambani. Jembe ni chombo cha heshima, na heshima hiyo haikamiliki ikiwa mwenye kulishika hurudi jioni hawezi kunyoosha mgongo.

Basi jioni hii, kabla hamjalala, fanyeni jambo moja. Yatoeni majembe yote ya nyumbani, mkayasimamishe ukutani. Kisha mwiteni kila mtu asimame karibu na lile alitumialo. Huenda mkacheka, huenda mkaona aibu kidogo. Lakini kesho atakuwako mtu mmoja nyumbani, labda mama yenu, atakayepalilia mistari yake na kuinuka bila kushika kiuno.

Kwaherini, na tukutane tena.