Banda Bila Kuta: Shuleni na Kazini

(Hotuba kwa wanachama, Makwasinyi)



Siku hizi matajiri hupenda banda moja kubwa lisilo na kuta ndani: karani, fundi na mshonaji wote humo. Ukiuliza, unajibiwa, "Mbona watoto wenu husoma wengi chumba kimoja?"

Jibu hilo tulipime. Huko Uingereza, miaka ya 1960 na 1970, zilijengwa shule nyingi bila kuta. Baadaye nyingi zikatiwa kuta tena, maana mtoto alisikia walimu wawili kwa mara moja. Nasi elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003 madarasa yalijaa, lakini huo ulikuwa upungufu, si mpango wa kuigwa. Tena mtoto ana kipindi cha dakika 30 au 35, kisha kengele. Wewe unakaa saa 8.

Mliofanya kazi ya mkonge mnajua. Korona inanguruma, na chumba cha brashi kina vumbi la kukaba koo. Ondoa ukuta pale, vumbi la mmoja ni la wote.

Hata maofisini mambo ni hayo. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walichapa habari za makampuni yaliyoondoa kuta ili watu wazungumze. Mazungumzo ya uso kwa uso yalipungua kama 70 katika mia! Watu walinyamaza, wakaandikiana barua kwa mashine.

Sisemi uwazi wote ni mbaya. Akina mama wanaosuka vyondo pamoja kivulini wanapata hewa na maongezi, na aliyechoka huondoka bila kumwomba nyapara.

Sasa, sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yataka kila mtu apate meta 10 za ujazo, na kimo kinachopita meta 4 na nusu hakihesabiwi. Banda la meta 20 kwa 10, lenye kimo cha meta 6, tajiri atahesabu watu 120. Sheria yasema 90. Kelele nazo, kanuni za mwaka 2005 zaweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8. Na penye watu 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama yenye wajumbe wenu.

Basi kabla ya kukutana na tajiri, tupime banda. Futi kamba iko kwa katibu. Nataka watu wawili wa kuishika.