Kabla Hujabonyeza "Ruhusu"

Leo tunazungumzia mikopo ya kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa inayomnyonya mkopaji, hasa ile ya kwenye simu.

Unapakua programu, inakuomba iyaone majina yote uliyohifadhi kwenye simu. Unabonyeza "Ruhusu", maana ada ya mtoto inatakiwa kesho. Ukichelewa kulipa siku mbili, meseji inamfikia mama mkwe, bosi wako, mpaka fundi bomba uliyemwita mara moja tu: "Mwambie ndugu yako alipe deni." Huko si kudai, ni kudhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Sasa tupige hesabu. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 100,000, hiyo ni 3,500. Mwingine atakukata 10,000 "ya fomu" kwanza, akupe 90,000, kisha adai 130,000 mwisho wa mwezi. Umelipa 40,000 kwa fedha ambazo hata hazikutimia laki!

Kwa hiyo dai mkataba wa maandishi, na uangalie jina la mkopeshaji kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu. Kadi ya benki na namba ya siri usimwachie mtu, hata akikuita shemeji. Ukidhalilishwa, hifadhi zile meseji. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko.