Muwasho wa sehemu za siri: vijana msifiche
(Hotuba ya mwalimu, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, Nyarugusu)



Kijana akiwashwa sehemu za siri huona haya, akidhani kila muwasho ni ugonjwa wa zinaa. Sivyo. Alama ya mviringo kwenye mapaja, yenye ukingo ulioinuka, mara nyingi ni fangasi, inayopenda jasho na nguo mbichi. Vipele vinavyowasha zaidi usiku, hata katikati ya vidole, huenda ni upele. Sabuni ya kufulia nayo huchubua ngozi.

Oga kila siku, jikaushe vizuri, vaa chupi kavu, usiazime taulo. Asiyetahiriwa avute govi taratibu, aoshe kwa maji, akaushe, alirudishe. Dawa ya fangasi usiiache mara tu muwasho unapoisha. Maliza siku ulizoambiwa. Upele hutibiwa nyumba nzima siku moja, la sivyo hurudi.

Jihadharini na krimu za sokoni zenye betamethasoni: muwasho hutulia, kumbe fangasi inaenea na ngozi inakuwa nyembamba.

Lakini ukiona usaha au kidonda, nenda zahanati siku hiyohiyo, na mwenzi wako naye apimwe. Kidonda cha kaswende hakiumi, hupona chenyewe, na ugonjwa hubaki mwilini.

Wageni wetu, tunaomba chumba chenye pazia na mhudumu mwanamume. Kijana hawezi kueleza jambo hili mbele ya foleni.